Kopo la Bi Chelewa

Mwanamuziki? Nani, Bi Chelewa? Hapana, mjukuu wangu, wala usijisumbue kutafuta picha yake jukwaani, huipati. Alikuwa mke wa fundi, basi. Kuimba aliimba akifagia, na ubeti wenyewe uleule mmoja, anaurudia mpaka fagio linachoka. Siku aliyoshika kopo, alilishika kwa sababu mtu mwingine kabisa alikuwa anaumwa jino. Huo ndio mwanzo wake. Ngoja nikae vizuri nikueleze, maana nikikupa mkia bila kichwa utakwenda kuwasimulia wenzako upuuzi.

Mume wake walimwita Fundi Waya. Ujana wake wote alitengeneza redio, na mfuko wake wa shati haukukosa kipande cha waya, hata akienda msibani. Macho yalipoanza kukataa vitu vidogo, akasema haya, sasa atakula kwa masikio. Binti yao alikuwa ameshaolewa, chumba chake kimebaki na kitanda na harufu ya mafuta ya nywele. Mwingine angepangisha. Fundi Waya akatoa kitanda, godoro akalisimamisha ukutani, akapigilia mablanketi kwa misumari, akaomba trei za mayai kila duka la mtaa mpaka wauza mayai wakawa wakimwona wanazificha. Maikrofoni akaifunga kwenye mpini wa fagio.

"Na mimi nitafagia na nini?" mke wake akauliza.

"Vumilia kidogo, mama watoto. Hii ni studio sasa."

"Studio ya fagio langu," akasema yule mama, akaenda zake kuazima kwa jirani.

Chumba kile, zamani kabla binti hajazaliwa, kilikuwa cha kulia chakula, kwa hiyo ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani kutoka jikoni. Watu wakirekodi, kidirisha kinazibwa kwa mto. Mto ukitoka, ujue chakula tayari. Mama anaingiza kichwa tu: "Haya wasanii, njooni mle kabla hakijapoa." Hata kama mtu yuko katikati ya wimbo mtamu namna gani, anaacha. Kwaya nzima iliwahi kukatizwa wakiwa wamefumba macho, na hakuna aliyenuna.

Sasa kuna mambo mawili ya ile studio lazima uyajue, la sivyo hutaelewa mzee wa watu alilia nini.

La kwanza ni kuvuja. Chumba ni kimoja, kuta nyembamba. Ukiweka maikrofoni hii ya gitaa na ile ya ngoma, ya gitaa nayo itaisikia ngoma, kwa mbali, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Basi wakati wa kuchanganya sauti, ukitaka kugusa ngoma, kivuli chake kinabaki kule kwenye gitaa. Fundi Waya alichukia sauti inayovuja kuliko paa linalovuja. Paa lenyewe lilivuja miaka, hakulijali.

La pili ni hedifoni. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ina feni inayonguruma kama paka aliyeshiba, mpaka akaifungia kabatini, kioo tu kikabaki nje. Sasa sauti ikiingia kwenye maikrofoni, inapita kwanza kwenye lile likompyuta, inazungushwazungushwa humo, ndipo itoke kwenye hedifoni. Ikifika sikioni imeshachelewa. Si sana. Unywele. Lakini unywele ukiingia jichoni unajulikana. Wapigaji wote aliwaambia, "Msivae hedifoni mkipiga. Sikilizeni kwa masikio mliyozaliwa nayo." Aliyevaa ni yeye peke yake, maana lazima asikie kinachoingia.

Haya, siku ya jino.

Yule mama alikuwa na kaka yake, mpiga gitaa. Walimwita Kucha, kwa ule ukucha wa dole gumba aliokuwa akiufuga na kuupaka mafuta kuliko watu wanavyotunza watoto. Kucha alikuwa ametunga wimbo usio na maneno, gitaa tu na kitu cha kutikisika pembeni. Mpiga manyanga hakuja.

"Ametuma salamu," Kucha akasema. "Jino."

"Jino na mikono wapi na wapi, shemeji?"

"Muulize yeye. Shavu limejaa kama amemeza ndimu."

Fundi akauvuta mto. "Mama watoto! Hebu sogea hapa."

Mama akaja kidirishani, mikono imelowa. Binti yao alikuwepo pia, amekuja kutembea, anamenya vitunguu nyuma yake.

"Tafuta kopo, tia mchele kidogo, ututikisie."

"Mchele wenyewe ndio wa jioni."

"Kiganja kimoja tu."

"Dada," Kucha akasema, "usije baadaye ukasahau ukatupikia hilo kopo."

"Nyinyi hata nikiwapikia kopo mtaniuliza mboga iko wapi." Akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatia mchele, akafunika, akalitikisa karibu na sikio lake kama mtu anayenunua yai. "Lakini mimi mambo yenu siyajui. Nitajuaje wakati wa kutikisa?"

Sasa sikiliza alivyojibiwa. Fundi Waya alikuwa ameshavaa hedifoni, anapanga maikrofoni ya pili pale kwenye kizingiti cha kidirisha. Hata hakumtazama. Akasema, "Niangalie mimi. Kichwa changu kikishuka, tikisa. Usiangalie pengine."

Basi wakapiga. Kucha kafumba macho, mguu unagonga mkeka. Mguu wa yule bwana ulikuwa saa ya ukutani, haukosei. Fundi anatikisa kichwa na hedifoni zake kama mjusi juani. Mama amesimama upande wa jikoni, kopo mkononi, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika. Wakamaliza. Nyuzi zikatulia. Fundi akairudisha wasikilize.

Gitaa tamu. Kopo liko nyuma. Nyuma kidogo, lakini nyuma.

"Mama watoto, mbona unachelewa?"

"Nimechelewa?"

"Kila mahali! Unachelewa kama nguo ya fundi cherehani."

Binti ndiye fundi cherehani mwenyewe. "Baba," akasema kutoka kwenye vitunguu vyake, "na mimi nimeingiaje hapo?"

Wakacheka wote. Mama naye alicheka. "Basi turudie," akasema, "nitakaza macho zaidi."

"Haina haja. Nenda na sufuria yako, Bi Chelewa. Nitakunyoosha mwenyewe kwenye kompyuta."

Jina likakaa. Unajua majina yanavyokaa. Chakula kikichelewa, Bi Chelewa. Akichelewa kufunga mlango, Bi Chelewa. Hata majirani wakalidaka. Alilichukua kwa mzaha kama alivyochukua kila kitu, ila akapandisha kopo juu ya kabati la jikoni, na alipoombwa tena kushika, alijibu, "Tafuteni wanaowahi." Akifagia, ule ubeti wake aliendelea kuuimba. Lakini studio hakuingia tena isipokuwa kichwa, cha kuita watu kula.

Fundi Waya akamnyoosha kweli. Kwenye kioo cha kompyuta kila chombo kina mstari wake, unaziona sauti zimevimba hapa, zimesinyaa pale. Akaukata mstari wa kopo, mtikiso mmoja mmoja, kila mmoja akausukuma mbele mpaka ukakaa sawasawa na gitaa. Kazi ya kutoa vijiwe kwenye mchele. Alipomaliza akaunganisha vipande vyote vikawa kitu kimoja, vile vya zamani akavifuta, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa kwaya.

Alipousikiliza wimbo wote, akakuta kuna kivuli. Kopo la kunyooka linalia, halafu nyuma yake, mbali, kuna kikopo kingine kinalia kwa kuchelewa: tcha-cha, tcha-cha. Lile la awali lilikuwa limevujia kwenye maikrofoni ya gitaa. Akasonya. Akaenda kwenye mstari wa gitaa, akashusha zile sauti za juu zote, nyembamba, zenye kumeta, mpaka kivuli kikazama.

Kucha alipokuja kusikiliza, hakumaliza hata nusu.

"Shemeji, gitaa langu liko wapi?"

"Si hilo?"

"Hilo limelala chini ya blanketi. Lifunue."

"Nikilifunua utasikia uchafu."

"Uchafu wangu mwenyewe naupenda."

Wakakosana kishemeji, yaani wanaendelea kusalimiana na kula pamoja lakini wimbo hautajwi. Ukawekwa.

Halafu mama akaanza kuumwa. Sitaki kukaa hapo muda mrefu. Akakonda, akahamia kitandani, akawa anapika kwa mdomo, yaani yeye anaelekeza, Fundi anaunguza. Kuelekea mwisho, mume wake amekaa ukingoni mwa kitanda anamsugua miguu, mama akamwangalia akatabasamu kwa upande mmoja.

"Miaka yote unaniita Bi Chelewa," akasema. "Safari hii naona natangulia mimi."

Akadhani mume wake atacheka. Fundi hakuweza. Na alitangulia kweli, asubuhi moja ya kawaida tu, maji yako jikoni yanachemka.

Wakazika. Watu wakaja, wakaondoka. Nyumba ikabaki na sauti zake zile za nyumba isiyo na mwenyewe: bati linalia, bomba linadondosha. Hapo ndipo Fundi Waya alipogundua jambo lililomvunja mgongo. Alikuwa amerekodi mtaa mzima. Kwaya, maharusi, watoto wa shule, hata mbwa wa jirani yumo kwa bahati mbaya. Lakini mke wake hayumo. Kila alipoita watu kula, mkono wa Fundi ulikuwa ushazima mashine. Na kama sauti iliponyoka ikaingia, aliisafisha yeye mwenyewe, maana usafi ndio uliokuwa sifa yake. Katika lile kabati lote la kompyuta, kitu pekee ambacho mkono wa mke wake ulikigusa kilikuwa kile kimstari cha kopo.

Akajifungia nacho. Akakisikiliza peke yake, bila gitaa. Tcha, tcha, tcha. Kimenyooka kama rula. Angeweza kuwa mpiga manyanga mwenye jino, angeweza kuwa mashine. Mke wake hayumo humo. Alimtoa.

Binti akawa anakuja kila siku, akitoka kwenye cherehani yake anapita sokoni, anapika, anaandaa meza. Meza yao ilikuwa imehamia sebuleni, na viti vyake vinne. Hakuna aliyekaa. Fundi anapelekewa sahani studio, anaiweka juu ya spika, inapoa hapo. Kucha, ambaye alikuwa akija kumwangalia shemeji yake, anakula kwenye ngazi ya mlango wa nje, sahani magotini. Binti mwenyewe anakula amesimama, mgongo kwenye sinki, kama mtu anayesubiri gari. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Kiti cha karibu na mlango wa jiko, cha mama, hakuna aliyetaka kukiona kitupu akiwa amekaa.

"Baba, leo njoo mezani," Binti anasema mlangoni.

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Wimbo wa mama yako."

Alikuwa anatafuta. Alipekua kila kisanduku, vile vidude vya kuhifadhia sauti alivyovitupa kwenye mkebe wa misumari, diski zenye mikwaruzo, simu ya zamani isiyowaka. Hakuna. Vile vipande vya mwanzo, vya kuchelewa, havipo. Basi akafanya jambo la kutia huruma. Akaanza kumpinda tena. Akachukua mtikiso mmoja mmoja, akaurudisha nyuma kwa kukumbuka. Huu nyuma kidogo, huu nyuma sana, huu hapo hapo. Alishinda humo mpaka ndevu zikaota. Alipoona imefika, akamwita Kucha.

Kucha akasikiliza, kichwa kimeinama, ukucha wake umekaa juu ya goti.

"Unasemaje, shemeji?"

"Nani huyo?"

"Dada yako."

"Dada yangu?" Kucha akainua kichwa. "Huyo ni mlevi anatafuta mlango wa nyumba yake."

"Alikuwa anachelewa!"

"Hakuwa anayumba. Shemeji, unamchezea mtu kopo la kuigiza halafu unasema ni yeye? Bora lile la kunyooka, angalau lile lilikuwa halidanganyi."

"Sasa unataka nifanye nini? Nimemfuta! Umesikia? Nimemfuta mimi kwa mkono wangu!"

Sauti zikapanda. Binti jikoni akasikia, akauvuta mto kutoka kidirishani, akaingiza kichwa. Wanaume wote wawili wakageuka ghafla, maana kile kichwa mahali pale, kwa mwanga ule wa mchana, kilikuwa cha mtu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza mto kutoka tangu msiba.

"Mnagombana nini?" Binti akauliza.

"Mwambie baba yako alifunue gitaa langu," Kucha akasema, sauti imeshuka. "Kama dada yangu hayumo, basi mimi niwemo. Nilimpigia yeye ule wimbo. Nisikike vizuri hata kidogo."

Fundi Waya hakuwa na nguvu ya kubisha. Akaenda kwenye mstari wa gitaa, zile sauti za juu alizozishusha akazirudisha zote, moja baada ya nyingine. "Haya, chukua uchafu wako," akasema, akaachilia.

Gitaa likatoka chini ya blanketi. Likang'aa, ukasikia mpaka ukucha unavyokwaruza uzi. Na nyuma yake, lile kopo la kilevi linayumba, tcha, na huku kwingine kivuli, cha.

Kucha akainua mkono. "Zima kopo."

"Lipi?"

"Hilo lako. La kuigiza. Zima."

Fundi akalizima. Likabaki gitaa peke yake. Na ndani ya gitaa, mbali, kutoka upande wa jikoni, kopo. Dogo kama kitu kinachotikiswa nyumba ya tatu. Halikuyumba hata mara moja. Cha. Cha. Cha. Nyuma ya gitaa, unywele mmoja, kila mara unywele uleule.

Walisikiliza mpaka nyuzi za mwisho zikatulia, na baada ya hapo ikasikika kopo linawekwa juu ya meza ya jikoni, ko, halafu kitambaa kinafuta mikono. Kisha mashine ikakatwa.

Fundi akairudisha. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akawa anapima kwa kipande cha waya alichotoa mfukoni: kutoka ukucha wa Kucha mpaka kopo, hapa, kutoka ukucha mpaka kopo, pale. Waya uleule, urefu uleule. Mwanzo wa wimbo, katikati, mwisho.

"Shemeji," akasema polepole, "mtu asiyejua mwendo hachelewi hivi. Asiyejua mwendo anakosea huku na huku, kama mimi nilivyoigiza. Huyu alikuwa anafuata kitu. Anakifuata sawasawa kabisa. Alikuwa anakufuata wewe?"

"Mimi nilifumba macho. Na angenifuata mimi, angekuwa na mimi."

"Sasa alikuwa anafuata nini?"

Binti alikuwa bado kidirishani, viwiko kwenye kizingiti. Akasema, "Kichwa chako, Baba."

Fundi akageuka.

"Si ulimwambia akuangalie? Mimi nilikuwa nimesimama hapahapa na vitunguu. Nikamwuliza chumvi iko wapi mlipokuwa bado hamjaanza, akanikaripia. Akasema, 'Nyamaza, utanipotezea kichwa cha baba yako.' Hakupepesa macho, Baba. Wimbo mzima."

Mzee akakaa chini, juu ya boksi la nyaya. Halafu akasimama tena. Fundi ni fundi, hata moyo ukipasuka lazima ajaribu kwanza. Akamwambia Kucha ashike gitaa, apige kile kipande cha mwanzo. Akamwambia Binti achukue mfuniko wa sufuria na kijiko. "Niangalie mimi. Kichwa kikishuka, gonga." Akavaa hedifoni, akawasha mashine.

Wakapiga kidogo tu. Fundi anatikisa kichwa kwa kile anachokisikia, na kule kidirishani anayaona macho ya mwanawe yamemng'ang'ania, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Macho ya mke wake hakuwahi kuyaona yakiwa hivyo. Siku ile hakumtazama, alikuwa anatazama mashine.

Akasimamisha. Akachukua waya, akapima. Kutoka ukucha mpaka mfuniko.

Urefu uleule.

Akavua hedifoni akazishika mikononi, akawa anazigeuza kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Ile sauti ilikuwa ikimfikia yeye imeshachelewa, kichwa chake kikachelewa nayo, na mke wake akakifuata kichwa bila kukosa hata mara moja. Wapigaji wote aliwaonya juu ya zile hedifoni. Kichwa chake mwenyewe hakukionya.

"Hakuchelewa," akasema.

"Hapana," Kucha akasema.

"Alikuwa na mimi. Mwanzo mpaka mwisho alikuwa na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, halafu nikamcheka mbele za watu, nikampa na jina." "Akaniambia turudie. Akasema atakaza macho zaidi. Mama watoto... angekaza macho yapi mengine?"

Hapo ndipo alipolia, mjukuu wangu. Mazishini hakulia, watu wakasema moyo wake mgumu. Alilia pale, kwa sauti mbaya ya mzee asiyezoea, mpaka zile sindano za mashine zinazopima sauti zikawa zinaruka, kwa sababu maikrofoni ilikuwa bado wazi. Kucha akaweka gitaa chini akaja akamshika bega. Hakumwambia nyamaza. Naye alikuwa amelipokea lile jina, Bi Chelewa, akalitumia kuliko wote. Binti alibaki kidirishani na mfuniko wake kifuani, machozi yanadondokea kizingitini, pale palipokuwa na maikrofoni ya pili.

Alipotulia, Fundi Waya akajifuta kwa kiganja, akarudi kwenye kiti chake. Akachukua mstari wa kopo, ule aliounyoosha na kuupinda, akaufuta. Likabaki gitaa, limefunuliwa, na lile kopo la mbali ndani yake.

"Huwezi kumpandisha kidogo asikike?" Kucha akauliza.

"Nikimpandisha yeye, unapanda na wewe. Mmeshikana. Hatengeki."

"Basi acha hivyohivyo."

"Naacha hivyohivyo."

"Watu watasema kopo liko nyuma."

"Waseme," Fundi akasema. "Wakisema, niiteni mimi nijibu."

Akauhifadhi wimbo. Akazima kioo. Feni kule kabatini ikanguruma kidogo ikakata, na kukawa kimya mpaka ukasikia kitu kinachemka jikoni. Binti alikuwa ameshafuta uso kwa kanga. Akaingiza kichwa kidirishani.

"Haya wasanii," akasema, na sauti ikamvunjika katikati, "njooni mle kabla hakijapoa."

Wakatoka. Fundi Waya akapita jikoni kwanza, akapanda juu ya kigoda, akalishusha lile kopo juu ya kabati, limeota vumbi, mchele bado umo. Akalipuliza, akalifuta kwa shati, akaenda nalo mezani akaliweka karibu na chumvi. Kucha aliifuata sahani yake kule kwenye ngazi, akaingia nayo, akavuta kiti, akakaa. Binti akaweka sufuria, akakaa. Wote wawili wakakwepa kile kiti cha karibu na jiko.

Fundi alisimama kidogo nyuma ya kiti hicho, mkono juu ya mgongo wake. Halafu akachukua upawa, akawapakulia, Kucha kwanza, kisha binti yake, akamwongezea kama mama yake alivyokuwa akimwongezea bila kuulizwa. Akajipakulia mwenyewe mwisho.

"Kaa basi, Baba. Kinapoa."

"Nakuja," akasema. "Mnijue tu, mimi huwa nachelewa."

Akakivuta kile kiti cha karibu na jiko, akakaa, wakaanza kula.